Mgongo Unapouma: Lini Tumwendee Tabibu?

Katika ndwele zinazowapata wanadamu bila kuchagua tajiri wala maskini, ni chache zilizoenea kama maumivu ya mgongo. Hamali anayeshusha magunia bandarini huyalalamikia, mkulima aliyeinamia jembe tangu alfajiri huyalalamikia, mama aliyetwika ndoo ya maji kutoka kisimani huyalalamikia, na karani ambaye tangu asubuhi hakuinua kitu kizito kuliko kalamu huyalalamikia vilevile. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba hesabu hiyo yaelekea kufika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Tena laeleza kuwa hakuna uele mwingine duniani unaowazuia watu wengi zaidi wasitimize shughuli zao za kila siku.

Na kwa kuwa ndwele hii ni ya watu wote, kila mtu ana shauri lake juu yake. Wa kwanza atasema ni baridi yabisi, na dawa yake ni mafuta ya moto na kukandwa. Wa pili atasema ni ngiri. Wa tatu, akiwa anazungumza na mwanamke, atasema ni chango. Wa nne atasema ni umri, na umri hauna dawa. Mmoja ataelekezwa kwa mpiga chuku, mwingine atamwambia mwanawe mdogo amkanyage mgongoni, na wa tatu atapita duka la dawa akachomwe sindano bila ya kuulizwa neno. Katika mashauri haya yamo yenye manufaa na yamo yasiyo na manufaa, lakini yote yana upungufu mmoja, nao ni kwamba hayampi mgonjwa kipimo cha kupambanua maumivu yatakayokwenda zake yenyewe na yale yaliyo dalili ya jambo kubwa lililojificha.

Mtu aliyekosa kipimo cha haki hukamata kipimo kilicho karibu, na kilicho karibu ni ukali wa maumivu. Yakiwa makali hata asiweze kuvaa kiatu, hutaharuki na kudai apigwe picha siku ile ile. Yakiwa ya kuvumilika, huyavumilia mwezi baada ya mwezi na kujisifu kwa subira yake. Kipimo hicho aghalabu hudanganya. Msuli uliokazana ghafla waweza kumwangusha mtu mwenye nguvu akalia machozi, na baada ya wiki 2 asikumbuke ni upande gani ulimwuma. Ilhali viini vya kifua kikuu vyaweza kuula mfupa wa mgongo polepole, kwa maumivu ya wastani yasiyomzuia mtu kwenda shambani, mpaka siku miguu itakapokataa kumbeba. Kwa hiyo mwenye kuumwa na mgongo hana budi kutazama mambo mawili mengine, yaani yale yanayofuatana na maumivu, na muda ambao maumivu yamedumu.

Umbo la mgongo

Mtoto huzaliwa na pingili 33 za uti wa mgongo. Saba ni za shingo, 12 ni za kifua, na 5 ni za kiuno, na hizi 24 hubaki zikijongea maisha yote. 5 zinazofuata huungana kuwa mfupa mmoja mpana nyuma ya nyonga, na zile za mwisho, ambazo kwa kawaida ni 4, huungana kuwa kifandugu. Baina ya pingili na pingili, isipokuwa pale juu kabisa shingoni, kuna kisahani cha gegedu kiitwacho diski, chenye ute mzito katikati, ambacho hupokea uzito wa mwili na kuuwezesha mgongo kupinda. Kano huzifunga pingili pamoja, na misuli huzisimamisha na kuziongoza.

Ndani ya pingili hizo umepita mfereji, na ndani ya mfereji umo ugwe wa fahamu unaotoka ubongoni. Ugwe huo haufiki mwisho wa mgongo. Hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na kutoka hapo hushuka fungu la mishipa ya fahamu ambalo matabibu wa kale walilifananisha na mkia wa farasi. Fungu hilo ndilo linalopeleka nguvu na hisi katika miguu, katika sehemu za siri, katika kibofu cha mkojo na katika njia ya haja kubwa. Naomba msomaji alikumbuke fungu hili, maana habari zake zitarejea.

Maumivu, basi, yaweza kuzuka katika msuli, katika kano, katika viungo vidogo vinavyozishikamanisha pingili, katika diski, au katika mfupa wenyewe. Tena yaweza kuzuka katika kiungo kisicho cha mgongo kabisa bali kilicho jirani yake, kama figo au tumbo la uzazi. Hata hivyo, kwa takriban watu 9 katika kila 10 wanaowaendea matabibu kwa ajili ya maumivu ya kiuno, hapaonekani ugonjwa wowote maalumu katika mifupa wala katika mishipa ya fahamu. Hii haina maana kwamba watu hao wanajisingizia. Maana yake ni kwamba misuli, kano na viungo vyao vimelemewa au vimekasirika, na kwamba vina uwezo wa kurejea katika hali yao. Wengi katika hao huanza kupata nafuu ndani ya siku chache, na wengi zaidi huwa wamepona au wamekaribia kupona ndani ya wiki 6.

Maumivu yasiyohitaji haraka

Yule ambaye mgongo umemshika alipokuwa akiinua mzigo, au alipoamka baada ya kutwa nzima ya kulima, na ambaye hana homa, hakupungua mwili, miguu yake ina nguvu na haja zake zatoka kama kawaida, ana ruhusa ya kungoja. Lakini kungoja si kulala. Zamani matabibu wenyewe waliwaamuru wagonjwa wa mgongo walale chali juu ya ubao mgumu siku nyingi, na amri hiyo imebaki majumbani mwetu ingawa hospitalini imekwisha kufutwa. Mwaka 1995 wataalamu wa Finland walitoa habari za uchunguzi walioufanya juu ya watumishi 186 wa mji wa Helsinki walioshikwa ghafla na maumivu ya kiuno. Kundi moja liliambiwa lilale kitandani siku 2, kundi la pili lilifundishwa mazoezi ya mgongo, na la tatu likaambiwa liendelee na shughuli zake kwa kadiri maumivu yatakavyoruhusu. Waliopona upesi kuliko wote ni hao wa kundi la tatu, na waliokawia kuliko wote ni wale waliolala.

Kitambaa kilichochovywa maji ya moto, kukandwa kwa mkono mpole, kutembea kidogo kidogo na kubadili mkao mara kwa mara, hayo yote hayana dhara kwa mtu wa namna hii, na mengi humpa faraja. Dawa za kutuliza maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, zina manufaa kwa siku chache. Lakini mtu mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shinikizo la damu, mwenye figo dhaifu au mwenye mimba asizimeze bila ya kumwuliza tabibu au mfamasia. Na dawa za jamii ya predinisoloni na deksamethasoni, ambazo wengine huzipata kichochoroni na wengine huzinywa pasipo kujua zikiwa zimechanganywa katika unga wa dawa za mitishamba, ni dawa za kuogopwa, kwa sababu hutuliza mwili haraka na wakati huo huo, zikitumiwa kwa muda mrefu, huudhoofisha mfupa na kuupunguzia mwili uwezo wake wa kupigana na maradhi.

Neno jingine linalofaa kusemwa hapa ni juu ya picha. Wako watu wanaoamini kwamba kwenda kwa tabibu ni kwenda kupigwa picha, na kwamba tabibu asiyeagiza picha amewadharau. Mwaka 1994 huko Marekani wataalamu waliwapiga picha za sumaku watu 98 ambao migongo yao haikuwa ikiuma hata kidogo. Na katika hao, takriban mmoja tu katika kila watatu ndiye aliyeonekana kuwa na diski zote zisizo na kasoro, na zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyotuna. Kasoro hizi huja na umri kama mvi zijavyo. Kwa hiyo picha iliyopigwa bila sababu yaweza kumtia mtu mzima wa siha hofu ya ugonjwa asiokuwa nao, na hofu hiyo ikamfanya aache kuinama, aache kazi, na mwishowe mgongo wake ukadhoofika kweli. Picha ni shahidi mzuri pale tabibu anapokuwa na swali la kumwuliza.

Dalili zisizongoja kesho

Sasa tuzitazame zile dalili ambazo zikifuatana na maumivu ya mgongo, hata yakiwa madogo, haifai mtu kungoja.

Ya kwanza yatokana na lile fungu la mishipa nililoomba likumbukwe. Huenda diski ikapasuka na kumwaga ute wake ndani ya mfereji, ukalibana fungu lote kwa pamoja. Mtu huona ganzi baina ya mapaja, katika sehemu zile zinazogusa tandiko mtu apandapo punda. Mkojo hukataa kutoka ilhali kibofu kimejaa, au hutoka bila yeye kujua. Haja kubwa hushindwa kuzuilika. Miguu yote miwili huuma au hulegea. Na hisi za tendo la ndoa hutoweka. Aonaye hata moja kati ya hizi aende hospitali saa ile ile, usiku au mchana, kwa sababu dawa yake ni upasuaji wa kuondoa kinachobana, na hesabu yake ni ya saa. Ikipita siku moja au mbili, mishipa hiyo yaweza kufa, na mtu akaishi na mpira wa mkojo umri wake wote.

Ya pili ni jeraha. Mkwezi aliyeanguka mnazini, mchumaji aliyeteleza katika tawi la mkarafuu, abiria aliyerushwa na bodaboda, mjenzi aliyeanguka kutoka juu ya jukwaa la fito, wote hao wahesabiwe kuwa wamevunjika mgongo mpaka tabibu aseme vinginevyo. Watu wetu wana huruma ya haraka, nao humbeba majeruhi mmoja akishika mikono na mwingine akishika miguu, katikati pakining'inia. Na kwa huruma hiyo pingili iliyovunjika yaweza kuukata ugwe wa fahamu ambao maporomoko yenyewe yaliuacha salama. Majeruhi asogezwe na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja, juu ya ubao au mlango uliong'olewa, na asipelekwe kwa mhazigi kabla ya kupigwa picha. Kwa wazee, hasa kina mama waliokwisha kupita umri wa kuzaa, na kwa wale waliotumia predinisoloni muda mrefu, hata kuteleza bafuni kwatosha kuipondaponda pingili iliyokwisha kuwa nyepesi.

Ya tatu ni udhaifu unaozidi. Maumivu yanayotoka kiunoni yakapita takoni na kushuka nyuma ya paja mpaka unyayoni, kwa kawaida hutokana na diski iliyogusa mshipa mmoja wa fahamu. Mwaka 1934 matabibu wawili wa Boston, Mixter na Barr, ndio waliobainisha jambo hilo mbele ya ulimwengu wa utabibu. Maumivu hayo peke yake, ijapokuwa ni makali, mara nyingi hupoa bila kisu. Lakini ikiwa kandambili zamtoka mtu mguuni bila ya yeye kutanabahi, au kidole gumba cha mguu hakiinuki, au goti lamkunjika akipanda ngazi, basi mshipa umeanza kushindwa, na tabibu amwone katika siku hizo hizo.

Maradhi yanayokuja kwa siri

Kundi linalofuata halina kishindo, na ndilo linalotuponza zaidi katika nchi zetu. Mtu ana maumivu mahali pamoja pa mgongo, yasiyopungua kwa kupumzika, yanayomwamsha usiku. Jioni hupata homa ndogo, usiku hutoka jasho la kulowesha shuka, na nguo zake zaanza kumpwaya. Huyu asikandwe. Huyu apelekwe akapimwe kifua kikuu.

Wengi hushangaa kusikia kifua kikuu kikitajwa pamoja na mgongo, kwa kuwa jina lenyewe limewafundisha kukitafuta kifuani, na kwa kuwa mgonjwa hakohoi. Lakini viini vyake husafiri ndani ya damu, na vikiingia mifupani, takriban nusu ya wagonjwa hushikwa katika uti wa mgongo. Huila sehemu ya mbele ya pingili na diski iliyo jirani, mpaka pingili zikajikunja kwa mbele na nyuma pakatokeza kinundu. Na wengi wa wale ambao zamani waliitwa vibyongo, wakadhaniwa kuwa wamezaliwa hivyo au wamelogwa, walikuwa ni watu ambao ugonjwa huu uliwapata utotoni na kuwaacha na alama yake. Usaha ukikusanyika au mfupa ukisukumwa ndani ya mfereji, miguu hupooza. Percivall Pott, mpasuaji wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779 na ukaitwa kwa jina lake, ingawa hakujua chanzo chake; chanzo kilijulikana pale tabibu Robert Koch alipowatangazia wenziwe mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekiona kiini cha kifua kikuu. Hapa kwetu Tanzania hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, wakati ambapo dawa ya kukiua kiini hicho ilikuwa haijapatikana popote.

Leo dawa ipo, nayo katika hospitali za serikali za Tanzania na Kenya hutolewa bure. Mgonjwa wa kifua kikuu cha mgongo aliyewahi hunywa vidonge vyake miezi mingi bila kukatiza, akatembea kwa miguu yake, na mara nyingi asihitaji kupasuliwa. Hata baadhi ya waliokwisha kupooza huinuka tena. Aliyechelewa huponywa ugonjwa, illa kinundu hakimtoki. Mwenye kuishi na virusi vya UKIMWI, na mwenye jamaa nyumbani aliyepata kuugua kifua kikuu, wana haki zaidi ya kuingiwa na shaka mapema.

Jirani wa kifua kikuu ni bruselosi, ambayo huwapata watu wanaokunywa maziwa mabichi au kuwasaidia mifugo kuzaa, nao huona homa inayokuja na kuondoka, jasho, uchovu na maumivu ya kiuno na nyonga. Basi mfugaji anayeumwa mgongo na kupata homa asisahau kumwambia tabibu habari za ng'ombe na mbuzi wake, kwa kuwa tabibu wa mjini huenda asimwulize. Na mwenye selimundu, ambaye amezoea maumivu ya mifupa, akiona maumivu ya mgongo yamefuatana na homa kali asiyahesabu kuwa ni yale yale ya siku zote.

Kisha iko saratani. Saratani ya tezi dume na ile ya titi zina tabia ya kuhamia katika mifupa ya mgongo, na mara nyingine mgongo ndio unaosema kwanza. Mwanamume wa miaka zaidi ya 50 aliyeanza kuumwa mgongo ambao hakuuzoea, anayeamka mara nyingi usiku kwa mkojo na mkojo wenyewe watoka kwa shida, na mwanamke aliyepata kutibiwa uvimbe wa titi hata ikiwa ni miaka mingi iliyopita, hao wote wamwone tabibu bila ya kungoja wiki 6. Nalo neno la kukanyagwa mgongoni na watoto, ambalo wengi hulifanya kwa mzaha, liogopwe na kila mwenye dalili za namna hii, kwa sababu mfupa ulioliwa na maradhi huvunjika kwa uzito mdogo.

Maumivu mengine husemwa ni ya mgongo nayo si yake. Maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, yenye homa na kichomi katika mkojo, ni ya figo. Moto unaowaka upande mmoja tu, ukafuatwa baada ya siku chache na malengelenge, ni mkanda wa jeshi. Mwenye mimba ambaye mgongo wake wauma na kuacha kwa mpango, kabla ya miezi kutimia, huenda ni uchungu wa uzazi uliowahi. Mzee mvutaji wa sigara aliyeshikwa ghafla na maumivu ya mgongo na tumbo, akatoka jasho na kuzimia, huenda mshipa wake mkuu wa damu unapasuka, na huyo hana dakika ya kupoteza. Mtoto, ambaye mgongo wake haujabeba miaka, akilalamika kwa wiki kadhaa asiambiwe anakwepa shule. Na kijana anayeamka asubuhi mgongo umekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, akapata nafuu anapofanya kazi na kuzidiwa anapopumzika, kwa muda wa miezi 3 au zaidi, huenda ana namna ya baridi yabisi ya uti wa mgongo yenye dawa yake maalumu.

Mlango wa kupiga hodi

Asiyekuwa na dalili hata moja kati ya zilizotajwa, na ambaye wiki 6 zimepita bila nafuu, au ambaye maumivu humwondoka na kumrudia kila mara hata kazi na usingizi vikamharibikia, naye wakati wake wa kumwona mtaalamu umefika. Si lazima aanzie hospitali kubwa. Zahanati au kituo cha afya chatosha kwa mwanzo, maana tabibu mwenye masikio na mikono hupata mengi kabla ya chombo chochote: atauliza, atagusa pingili moja moja, atainua mguu ulionyooka, atagonga goti kwa kinyundo, atajaribu nguvu za vidole na hisi za ngozi. Akiona shaka ataandika barua ya rufaa, kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kutoka huko katika hospitali za rufaa kama KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, ambako wako wapasuaji wa mifupa na wa mishipa ya fahamu.

Wengi hawatamhitaji mpasuaji. Watamhitaji mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ambaye kazi yake watu hudhani ni kukanda, ilhali sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kufundisha: namna ya kuimarisha misuli ya tumbo na ya mgongo, namna ya kuinua mzigo, namna ya kurejea kazini hatua kwa hatua bila woga. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwezi wa Desemba 2023 kwa maumivu ya kiuno yaliyodumu zaidi ya miezi 3 uliyaweka mafunzo na mazoezi katika mambo ya kutegemewa, na haukuipendekeza mikanda ya kubana kiuno, ambayo katika masoko yetu huuzwa kwa sifa kubwa.

Lakini mtaalamu yeyote, awe wa zahanati au wa rufaa, hatambui asiloambiwa. Hapa ndipo haya inapowadhuru watu wetu kuliko ujinga. Mwanamume atakubali kusema kiuno chamwuma, lakini hataki kutaja ganzi ya sehemu za siri. Mwanamke atataja mgongo, lakini mkojo unaomponyoka atauficha chini ya kanga. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika ugonjwa wa mgongo yale yanayofichwa ndiyo mara nyingi yenye fatwa. Basi mgonjwa ajitayarishe kabla ya kutoka nyumbani: maumivu yalianza lini na kwa sababu gani, yashuka mpaka wapi, yazidi usiku au mchana, dawa gani amekwisha kunywa pamoja na za mitishamba, maradhi gani aliyapata zamani, na hali ya haja zake ikoje. Na ikiwa tabibu ni kijana wa jinsia nyingine na ulimi wazidi kuwa mzito, aombe mwingine. Ombi hilo ni haki yake na si kosa la adabu.

Katika nyumba zetu mgonjwa aghalabu haamui peke yake. Mama huambiwa angoje mpaka mavuno yaishe, hamali humwogopa tajiri atakayempa mwingine nafasi yake, na babu huambiwa kuwa huo ni uzee. Kwa tajiri wa mahamali, inafaa ajue kwamba tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani limependekeza mzigo wa mtu mzima mwanamume usizidi kilo 55, na gunia la lumbesa huupita uzito huo mbali sana. Na kwa sisi wa nyumbani, ambao ndio wa kwanza kusikia mwenzetu akiguna anapoinuka mkekani, swali la kumwuliza si kama yauma sana, kwa sababu mwenye subira atajibu kwamba hapana. Tumwulize yauma tangu lini, kama homa ipo, kama nguo zimempwaya, kama miguu ina nguvu, na kama mkojo watoka vyema. Na jibu lake likitutia shaka, tutafute nauli siku ile ile.